Kinyonga Aliyegoma Kula

Nilipokuwa na miaka tisa nilikabidhiwa uhai wa baba yangu ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo lililotobolewa matundu kwa msumari. Mtu mwingine angelifungua angeona kinyonga tu, tena mdogo, amejikunja, ana rangi ya udongo wa machimboni. Lakini mimi niliambiwa na bibi yangu maana yake, na mtoto aliyelelewa na bibi yangu hakuwa na desturi ya kubishana naye. Nasimulia haya nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na nakiri mapema kwamba nasimulia kwa kujisifu. Kazi nyingi maishani nimeziacha njiani. Hii sikuiacha.

Tulikuwa tunaishi kijiji cha Didia, Usukumani, mimi, Mama, mdogo wangu Masanja aliyekuwa bado ananyonya, na Bibi, mama yake baba. Baba mwenyewe alikuwa mchimbaji wa dhahabu Nyarugusu, upande wa Geita. Alikuja nyumbani kila baada ya mwezi mmoja hivi, akakaa siku mbili tatu, akarudi shimoni. Duara lao, yaani shimo lao la dhahabu, likiwa limetoa chochote, alikuja kimya kimya na mzigo begani. Likiwa halijatoa kitu, alianza kupiga kelele za utani tangu kwenye uzio wa minyaa, ili tumtazame usoni na si mikononi. Siku hiyo alipiga kelele nyingi sana.

"Minza! We Minza! Njoo upokee zawadi yako!"

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Shika kwa mikono miwili. Usitikise, humo ndani kuna mheshimiwa."

Nilifungua kopo. Jicho moja la yule mnyama lilinitazama mimi, jingine likageuka likamtazama Baba, nikaona kwamba kiumbe anayeweza kutazama watu wawili kwa wakati mmoja anastahili heshima. Sikuogopa hata kidogo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, maana kwetu watu wazima kabisa, wenye ndevu zao, wakimkuta kinyonga njiani wanazunguka kupitia shambani.

Baba akaeleza kwamba wamemkuta Nyarugusu, ametambaa kwenye magogo yanayozuia kuta za duara. Wenzake walitaka kumchoma moto, kwa kuwa waliamini kinyonga akipita kwenye magogo, dhahabu nayo inaanza kutembea kwa mwendo wake. Baba akawaomba wamwache ampeleke mbali ambako hataliona tena duara. Ndivyo alivyofika Didia, akiwa ndiyo zawadi pekee ya safari ile.

Sasa nimweleze Bibi, maana bila yeye hakuna hadithi. Bibi yangu alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Alilima kwa jembe la ng'ombe huku akiwakemea ng'ombe kwa majina yao, na niliwahi kumwona akimuua swila kwa mpini wa jembe kisha akaendelea na palizi kana kwamba ameng'oa gugu. Ukimwambia kuna fisi, anauliza yuko upande gani. Lakini alipoona kilichomo kwenye kopo, aliachia ungo wa mtama, akapanda juu ya kigoda na kukusanya kanga yake magotini.

"Toa! Toa hicho kitu!"

"Mama, ni mdudu tu," Baba akasema, anacheka.

"Mdudu? Shija, umekivusha mlango?"

Baba akatazama miguu yake. Tulikuwa tumeshaingia ndani sote, yeye, mimi, na kopo. Bibi akashuka taratibu, akaketi, na kusema kwa sauti ya chini ambayo ilinitisha kuliko zile kelele.

"Basi. Kinyonga akishavuka mlango hafukuzwi. Lakini akifa njaa humu ndani, aliyemleta harudi tena kula humu."

Baba akanipapasa kichwa. "Basi Minza atamlisha. Unasikia, binti yangu? Uhai wangu unao wewe."

Alisema kwa utani. Alikuwa mtu wa utani na hakumaanisha lolote, na kesho yake asubuhi aliondoka zake kurudi machimboni anapiga mluzi. Mimi nilibaki na kopo. Siku hizi nikimwambia mwanangu mmoja neno la mzaha lenye uzito wa namna ile, huwa narudi kulifuta, kwa sababu najua mtoto anaweza kulibeba wiki nzima bila mtu kugundua.

Nikaanza kazi. Jambo la kwanza mgeni anahitaji mahali pa kukaa, kwa hiyo nilichukua tenga la kubebea kuku, nikalipangusa, nikaliweka kwenye pembe ya jiko ambako hakuna mbwa wala upepo. Kinyonga anapenda matawi; hilo nililijua. Shida ilikuwa ni kiangazi. Pamba ilishavunwa, masalia yakang'olewa na kuchomwa, miti mingi imebaki fimbo tupu. Kitu cha kijani kilichoonekana kwa wingi ni minyaa ya uzio wetu. Nikakata matawi yake mazuri, mabichi, yanayodondosha utomvu mweupe, nikayapanga ndani ya tenga mpaka likapendeza, na nikamweka humo. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Kila mtoto wa Usukumani anaonywa juu ya utomvu wa mnyaa. Usichezee, usijipake, ukikuingia jichoni utakiona cha moto. Niliyajua hayo, na nilinawa mikono yangu vizuri nilipomaliza. Niliwaza mikono yangu. Sikuwaza macho yake.

Siku ya kwanza nilimpa ugali. Akauacha. Nikampa uji kwenye kifuniko cha soda, na maji kwenye kifuniko kingine. Akavikanyaga vyote viwili. Siku ya pili nilimkamatia panzi, nikawang'oa miguu ili asipate tabu ya kuwakimbiza, nikawapanga mbele yake, nikakaa nimekodoa macho asubuhi mpaka jua likawa utosini. Hakugusa hata mmoja. Rangi yake ikaanza kuwa nyeusi, na jicho la kushoto likafumba. Siku ya tatu likafumba na la kulia. Macho yale yaliyokuwa yakizunguka kila upande yakawa vifundo viwili vilivyovimba.

Kila asubuhi Bibi alisimama mlangoni, mbali, mkono kwenye fremu.

"Amekula?"

"Bado, Bibi."

Alikuwa anageuka na kutazama upande wa barabara kuu, ile ambayo Baba alipita. Afadhali angegomba.

Habari zikatoka. Wanawake majirani waliokuwa wakiingia mpaka jikoni kuomba moto sasa wakaishia kwenye uzio. "Mwangaluka, mayu," wanasalimia kwa mbali, wanajibiwa, wanauliza hali ya kinyonga kabla ya kuuliza hali ya Masanja. Mmoja akashauri tumtie ugoro mdomoni, ndiyo dawa ya kumfumbua. Wapo watoto waliokuwa wakiwafanyia vinyonga hivyo kwa mchezo, na niliwahi kuona mwisho wa mchezo wenyewe. Nikalifunika tenga kwa kanga ya Mama na kukaa mbele yake.

Chakula changu mwenyewe kikawa hakipiti. Nilikuwa nikikata tonge namwona Baba, niliyemwona akiondoka anapiga mluzi, amekaa mahali pengine anakula kwenye sahani ya watu wengine milele. Mama akanisogezea bakuli la michembe, viazi vyetu vikavu.

"Kula, Minza. Mgomaji mmoja anatosha humu ndani."

Siku ya tano niliamua kwamba labda matawi yamechakaa, mgeni hapendi nyumba kuukuu. Nikaenda kwenye uzio kukata minyaa mipya. Nilikuwa nalia kidogo, sitaki kudanganya, na mtu anayelia hujifuta. Nikajifuta kwa mkono uleule.

Maumivu ya utomvu wa mnyaa jichoni siwezi kuyaeleza kwa adabu. Nilipiga ukelele ambao nadhani hata watu wa Tinde, kule mbali, waliusikia. Bibi akaja mbio, akaniona nimeanguka, akaelewa bila kuuliza, na kunibeba mpaka kwa Mama. Kwetu dawa yake inajulikana: maziwa ya mama. Mama akanilaza mapajani, akamsogeza Masanja upande mmoja, akatoa titi na kunikamulia moja kwa moja jichoni, kwanza la kulia, kisha la kushoto, maana yote mawili yalikuwa yanawaka. Maziwa yalikuwa ya vuguvugu. Moto ukaanza kupungua taratibu. Nikalala pale nimefungwa kitambaa, navuta kamasi, namsikia mdogo wangu akilalamika kwamba mlo wake unapewa mtu mwingine.

Ni hapo gizani, chini ya kitambaa, ndipo nilipoelewa. Mimi nina maji, nina sabuni, nina mama wa kunikamulia maziwa, na bado siwezi kufumbua. Yeye amelala juu ya minyaa siku tano.

"Bibi! Si njaa! Ni minyaa! Hali kwa sababu haoni!"

Nikainuka, nikayasema yote kwa mkupuo mmoja. Matawi, utomvu, macho yaliyovimba, kosa ni langu. Kisha nikaomba nilichotaka kuomba. "Mama, naomba maziwa. Kidogo tu. Nimwoshe macho."

Mama akasema, si kwa ukali, kwa mshangao tu: "Maziwa ya mwanangu nimpe kinyonga? Yakikauka, Masanja utamnyonyesha wewe?"

Hakuwa mkatili. Mwanamke yeyote wa kijiji chetu angesema vivyo hivyo. Maziwa ya mama hayamwagwi ovyo, hayamwagwi jikoni, hayapewi mnyama. Yakipewa, kifua kinanyauka. Mtoto anayenyonya ndiye anayeumia. Nilikuwa namwomba ahatarishe mtoto mmoja kwa ajili ya mjusi, au ndivyo ilivyosikika. Nilikaa tu na kitambaa changu usoni.

Bibi ndiye aliyejibu.

"Shija ni mwanangu mimi."

Basi. Maneno hayo tu. Mama naye, ambaye Shija alikuwa mumewe, akavuta pumzi.

"Kamua kwenye kifuniko," Bibi akasema. "Titi likikauka, nitaulizwa mimi. Minza, pamba iko wapi?"

Pamba ilikuwepo, gunia la masalio chini ya kitanda chake. Akachambua kishada kidogo, akatoa mbegu, akakisokota. Mimi nilitaka kwenda kumshika kinyonga, lakini nikiinua kitambaa naona ukungu mtupu. Mama alikuwa na mtoto mkononi, na macho yake yalisema wazi kwamba maziwa ametoa, mkono hatoi. Akabaki mtu mmoja.

Nilinyanyua kona ya kitambaa. Nilichokiona nilikiona kwa jicho moja, tena lililojaa machozi, lakini nilikiona. Bibi aliinama juu ya tenga. Akanyoosha mkono wa kulia, akaurudisha. Akaunyoosha tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole visivyokunjika vizuri tangu ng'ombe walipomvuta kwa kamba zamani, usingeweza kushika kitu kinachotembea, kwa hiyo ilibidi uwe wa kulia, mkono wa kula na wa kusalimia watu. Jasho lilikuwa linamtoka. Alitamka jina la Baba mara moja, akamshika.

Kinyonga akamkamata kidole kwa vidole vyake vyote. Bibi akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kabla wala baada. Lakini hakumwachia. Kwa ule mkono mbovu akachovya pamba kwenye maziwa, akadondosha tone kwenye jicho moja, tone kwenye jingine, akasubiri, akarudia, huku anamsemesha kwa Kisukuma kwa sauti ileile ya kuwasemesha ndama wagonjwa. Maziwa yalipokwisha akamwosha kwa maji safi. Kisha akaniambia nishike, nikashika, na yeye akatoka nje ameunyoosha ule mkono mbali na mwili wake.

Aliuosha kwa majivu. Akauosha tena kwa sabuni ya kufulia, na tena kwa majivu. Na bado mchana ule ugali ulipoiva alikataa kuutumia. Wa kushoto haulishi mtu mzima mwenye heshima zake. Ikabidi mimi, ambaye sasa jicho moja lilishafunguka, nikate matonge, nichovye kwenye mlenda, nimtie mdomoni. Mtu aliyekuwa akipiga kelele ng'ombe wanasimama, alikuwa anafungua kinywa kunisubiri. Nilimtazama kwa makini ili nisimdondoshee.

"Usinitumbulie macho," akasema. "Nani anakula akitumbuliwa macho?"

Nikageuza uso pembeni, na nikakumbuka ile asubuhi nzima niliyoimaliza nimemkodolea mgeni wangu panzi wakiwa mbele yake.

Basi tulianza upya, na safari hii nilianza kwa kumuuliza mnyama na si kwa kujiona mjanja. Minyaa yote ikatupwa. Nyuma ya bafu letu la nyasi palikuwa na mpera uliobaki kijani kwa sababu ulikuwa unakunywa maji ya kuoga. Nikakata tawi lake, nikalichomeka kwenye debe la mchanga mbichi, nikaliweka juu ya kichuguu kidogo kando ya ukuta ambako jua la asubuhi linafika mapema. Nikamweka juu kabisa, maana niligundua kwamba akiwa chini anakuwa mweusi na akiwa juu anapata nafuu. Nikamwacha bila kumshika. Maji niliyanyunyiza kwenye majani kwa vidole, na jioni ya pili, macho yakiwa yameshafunguka nusu, nikamwona akilamba tone kwenye ncha ya jani. Alikuwa na kiu siku zote zile, na vifuniko vya soda viko chini ya miguu yake. Hakujua kwamba maji yanaweza kukaa kwenye kifuniko.

Chakula ndicho kilichobaki. Sikumletea panzi viwete tena. Nilichukua kipande cha papai lililooza, nikakifunga kwenye tawi, nzi wakaja wenyewe wakiwa hai na wenye miguu yao yote. Kisha nikakaa chini nikampa mgongo. Nilitazama ukuta. Nauona mpaka leo, una ufa unaokwenda kama mto na viota viwili vya nyigu. Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko, mahali pake pa siku zote, umbali wake wa siku zote.

Nilikaa mpaka makalio yakafa ganzi. Mara nikamsikia.

"Katoa!"

"Katoa nini?"

"Ulimi! Ng'hana, kweli kabisa Minza, ulimi mrefu kuliko yeye mwenyewe!"

"Kakula?"

"Anatafuna. Usigeuke! Anatafuna. Anatazama mwingine." Akapiga kofi moja. "Kakula na wa pili, mjukuu wangu."

Kwa hiyo mlo wa kwanza sikuuona. Nililishwa habari zake na bibi yangu, nimetazama ukuta, machozi yananitoka bila utomvu wowote. Sijawahi kushinda kitu shuleni wala kwenye kazi kikanipa furaha ya namna ile. Mama akaja akasimama nyuma yangu na Masanja mgongoni, na titi lake, kwa faida ya wanaojiuliza, halikukauka siku ile wala nyingine.

Kuanzia hapo nikawa bwana mkubwa. Majirani waliorudi kuingia uani nilikuwa nawapanga: msisimame kwenye jua lake, msimnyooshee vidole, wewe mama kaa kule. Walitii. Watoto wangu siku hizi wananionyesha kwenye simu watu wa nchi za mbali wanaofuga mijusi ndani ya vioo vyenye taa, wanaeleza kwamba mgeni asisumbuliwe, apewe mahali pa juu, anyunyiziwe maji, apewe chakula kinachotembea. Nawaambia mbona hayo nimeyajua nikiwa Didia na kamasi puani. Hawaniamini, na si kosa lao.

Mwezi ukaisha, Baba hajaja. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Mwenye duka alikuwa na simu, lakini simu yenyewe haikuwa na habari. Bibi akarudia kutazama barabara. Mimi nilichoweza kufanya ni kimoja tu, nikakifanya kwa nguvu zote; niliongeza papai, niliongeza nzi, nikatafuta panzi alfajiri wakiwa bado wazito. Kinyonga akanenepa. Kama uhai wa baba yangu ulikuwa unapimwa kwa tumbo lile, basi alikuwa salama kuliko mtu yeyote wa kanda ya ziwa.

Alikuja mchana wa jua kali. Alikuja kimya kimya, na hakuwa na mzigo. Hiyo ilikuwa alama mpya ambayo hatukuijua. Akaketi, akaomba maji, akanywa, akaomba tena.

"Duara lilititia," akasema. "Mimi nilikuwa juu, nimepeleka mawe kwenye karasha yakasagwe. Wenzangu wawili walibaki chini. Tumewachimba siku nne. Wako hai wote wawili, mmoja kavunjika mguu. Nisingeweza kuwaacha nije."

Bibi akauliza, "Siku gani hiyo?"

"Ijumaa ile baada ya mwezi kuandama."

Bibi akahesabu kwa vidole, akapiga paja. "Ndiyo siku aliyokula!"

Haikuwa hiyo. Kinyonga alikula Jumanne, tena wiki tatu kabla, na mimi ndiye niliyejua vizuri kuliko wote kwa sababu nilikosa shule. Nilifungua mdomo, nikamwona Bibi alivyong'aa uso, nikaufunga.

"Huyu mtoto ndiye aliyemponya," akaendelea kumwambia Baba. "Peke yake. Macho yalishakufa, akayafufua peke yake." Mama akainua macho kumtazama Bibi. Bibi naye akamtazama, na Mama akarudi kumfunga Masanja nguo.

Baba akanigeukia. "Bado yupo?"

Nikamshika mkono mpaka kwenye tawi la mpera kando ya ukuta. Nikamwambia akae chini ampe mgongo, ndivyo anavyokula. Na baba yangu, mtu wa duara, mwenye mikono mipana iliyochubuka kwa kuchimbua watu, akakaa chini akatazama ukuta kama nilivyomwelekeza. Nami nikamtangazia. Katoa ulimi. Kakula. Anatafuna. Nikaona mabega yake yanatikisika, sikujua anacheka au analia. Nilikuwa nimemwambia asigeuke, kwa hiyo hakugeuka.

Mvua za kwanza zilipofika, nilimhamishia kinyonga kwenye mpera wenyewe, na baada ya siku chache sikumwona tena. Bibi aliridhika, alisema ameondoka ameshiba, hana deni na sisi. Kijijini ikabaki hivyo kwamba kinyonga wa Minza alimtoa Shija kwenye duara. Nimesifiwa kwa hilo utoto wangu wote, na nimezipokea sifa zote, maana napenda sifa.

Watu huniuliza kama naamini. Sijui kinyonga anajua nini kuhusu baba za watu. Ninachojua ni kwamba Bibi aliamini, tangu mwanzo hadi mwisho, kila neno. Mimi niliyemshika kinyonga bila kusita sikuwa na ujasiri wowote, kwa sababu sikuwa na woga wowote. Ilinichukua miaka mingi kuliona hilo, na nililiona nikiwa na mtoto wangu mwenyewe mwenye homa mapajani.

Bibi alifariki miaka michache iliyopita. Msibani, watu walipopewa nafasi ya kumsemea, walisema juu ya ng'ombe wake, kwaya yake, ukali wake, swila wake. Nikasimama na mimi. Nikasema bibi yangu alimwogopa kinyonga kuliko kitu chochote kilichoumbwa, na kwamba siku moja alimshika mkononi, mkono wa kulia, akamwosha macho kwa maziwa mpaka akapona, na kwamba sifa zangu zote za utotoni ni zake na aliniachia makusudi.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza, mzee sasa, kichwa cheupe. Yeye hakucheka. Nikagundua kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia.

"Mama alimshika?" akaniuliza.

"Alimshika, Baba."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Alitaja jina lako kwanza."